Paka wa California na Chui wa Nchi Yetu

Kijiji cha Mwamgongo kimekaa katika ufuko wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, kaskazini ya Kigoma na Ujiji, mahali ambapo milima imeshuka kwa mkato hata ikakaribia kutia nyayo zake majini, na nyumba za watu zimesongamana katika ukanda mwembamba baina ya changarawe za ziwani na mashamba ya mihogo na michikichi yaliyoukwea mteremko. Riziki ya watu wake hutoka majini zaidi kuliko nchi kavu: usiku wavuvi huenda na taa zao kuwavuta dagaa kwa nuru, asubuhi dagaa huanikwa juani, na boti za kwenda mwalo wa Kibirizi hupakia abiria, magunia na habari za watu. Ukitoka kijijini ukaelekea kusini, huendi mbali ila umeingia katika Hifadhi ya Gombe, ambamo sokwe wamepata umashuhuri ambao ni wanyama wachache wa misitu ya Afrika waliopata kuufikia, na ambamo yumo pia chui, asiyekuwa na fungu katika umashuhuri huo, kwa kuwa tabia yake ni kujisitiri, na mwenye kujisitiri aghalabu husahauliwa na waandishi.

Hikaya ninayotaka kuieleza ni ya paka, naye ni paka wa nyumbani, mwenye kulala juu ya busati na kunywa maziwa katika kisahani, ambaye mtu mmoja wa California alifanya kazi ya miaka mingi ili kumpatia sura na mwendo wa chui. Mtu wa Mwamgongo anaweza kustaajabu kwamba jambo hilo la matajiri wa ng'ambo linaletwa mlangoni kwake. Lakini fikira ya paka yule ilizaliwa hapa hapa Tanzania, kutokana na kifo cha chui wa Tanzania, na mzee aliyeizungumza fikira ile na huyo mtu wa California ndiye yule yule ambaye, miaka kumi na mmoja nyuma, alimtuma binti mmoja wa Kiingereza aje kukaa jirani na Mwamgongo ili awaangalie sokwe. Mambo mawili yaliyopita katika mikono ya mzee mmoja yakaenda njia mbili, nami naamini kwamba hatuwezi kuipima njia moja kwa insafu mpaka tumeiweka kando ya ile nyingine.

Mzee huyo ni Louis Leakey, aliyezaliwa Kabete, karibu na Nairobi, mwaka 1903, mwana wa wamisionari Waingereza, akakua pamoja na watoto wa Kikikuyu hata akaisema lugha yao kama mzaliwa. Sifa yake kubwa ilitoka katika bonde la Olduvai, ambako mkewe Mary, tarehe 17 Julai 1959, aliliona fuvu la kiumbe wa kale waliyempa jina la Zinjanthropus. Leakey alikuwa na itikadi kwamba mwenye kutaka kuyafahamu maisha ya watu wa kale asiridhike na mifupa mitupu, bali na aende akawatazame wanyama walio karibu na binadamu wangali hai katika makao yao. Na kwa itikadi hiyo alimtuma Jane Goodall Gombe mwaka 1960, Dian Fossey kwa gorila wa milima ya Virunga mwaka 1967, na Biruté Galdikas kwa orangutani wa Borneo mwaka 1971. Watatu hao dunia inawajua. Wa nne, yule wa paka, hakuwa mwanafunzi wake wala mjumbe wake, na jina lake halitajwi pamoja na yao, lakini naye aliondoka na jambo kutoka kwa Leakey.

Goodall alifika Gombe tarehe 14 Julai 1960, akiwa kijana wa miaka 26, pamoja na mama yake, kwani wakubwa wa serikali hawakukubali binti akae peke yake mahali kama pale. Nchi ile ilikuwa imetengwa tangu mwaka 1943 kuwa hifadhi ya wanyama, na wenyeji hawakuwa wameisahau, wala hawakuwa na sababu ya kuisahau, maana ardhi yenye maji na rutuba katika mwambao ule wa majabali si nyingi. Basi ilipojulikana kwamba amekuja Mzungu mwanamke ambaye kazi yake ni kupanda mlimani, kuwatazama sokwe na kuandika katika daftari, watu waliingiwa na shaka kubwa: waliona kwamba akimwona sokwe mmoja akaandika kumi, au ishirini, basi serikali itapata hoja ya kuishikilia nchi ile milele. Ikakatwa shauri kwamba mwana wa mkuu wa Mwamgongo afuatane naye, ashuhudie hesabu kwa macho yake. Goodall mwenyewe ameieleza habari hii katika kitabu chake kuhusu miaka ile ya mwanzo, na kila niisomapo naona kwamba wazee wa Mwamgongo walikuwa wamefahamu, kabla ya wataalamu wengi, kwamba kumhesabu mnyama si kazi ya elimu peke yake. Ni hukumu juu ya ardhi, na jirani wa ardhi anastahiki kuwapo inapotolewa.

Chui naye hakukosa kujitambulisha. Goodall ameandika kwamba katika siku zake za mwanzo alimwogopa chui kuliko mnyama yeyote, na kwamba siku moja chui alipita katika majani marefu karibu mno naye, hata akaondoka mahali alipokuwa ameketi kuwatazamia sokwe. Na aliporejea baadaye alikuta mnyama yule ameacha kinyesi chake pale pale alipokuwa amekaa. Ni habari ndogo, lakini inamweleza chui kwa ukamilifu: haonekani, wala hapigi kelele, na hata hivyo hakuachi na shaka kwamba mahali pale pana mwenyewe. Upande wa kusini wa ziwa hili hili, katika milima ya Mahale, wataalamu wa Kijapani walipata kuona kundi la sokwe likilizingira pango la chui jike, likamtoa mtoto wake na kumuua. Kwa hiyo katika misitu yetu uadui wa wawili hao ni wa tangu na tangu, na hakuna mmoja wao anayemhitaji binadamu amfundishe kumwogopa mwenziwe.

Binadamu, kwa upande wake, alimpenda chui kwa namna iliyomwangamiza. Katika falme za nchi za maziwa makuu ngozi ya chui ilikuwa alama ya utawala, na raia wa kawaida hakuthubutu kuikalia; lakini mahitaji ya wafalme yalikuwa machache, na msitu uliyamudu. Msiba uliingia pale alama ya enzi ilipogeuka kuwa vazi la mwenye fedha yeyote. Mwaka 1962 mke wa Rais Kennedy wa Marekani alionekana hadharani amevaa koti la ngozi ya chui, na shauku ya koti kama lile ikaenea katika miji ya Marekani na Ulaya kwa upesi uliowashtua hata washonaji. Koti moja halishonwi kwa ngozi moja. Hesabu za forodha za Marekani peke yake zilionyesha ngozi za chui 9,556 zilizoingizwa mwaka 1968, na 7,934 mwaka uliofuata. Na hizo ni zile zilizopita kwa mlango wa halali, baada ya kupita mikononi mwa wachuuzi wengi, kuanzia kwa jangili aliyetega mtego kwa ujira usiofika hata sehemu ndogo ya thamani ya koti.

Katika hali hiyo ndipo Paul Casey alipofika Olduvai mwaka 1971. Casey alikuwa mtunzi wa michezo ya sinema na televisheni kutoka California, ameletwa Afrika na kazi yake, na kwa bahati mbaya, au tuseme kwa kudura, alipata habari pale ya kwamba mmoja wa chui wa mwisho waliokuwa wakizaa katika sehemu ile ameuawa na jangili kwa ajili ya ngozi yake. Yeye na Leakey wakalizungumza jambo lile. Leakey alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima wa kukaribia miaka sabini, na afya yake haikuwa njema. Alikuwa ameyaona mabonde yale tangu wakati ambapo chui alikuwa jambo la kawaida, na alijua kwamba sheria peke yake hazitamwokoa mnyama ambaye watu wanaomnunua hawajapata kumwona ila akiwa amekwisha chunwa. Katika mazungumzo hayo ndipo ilipochomoza fikira: kama mwanamke wa New York au wa Paris angekuwa na paka nyumbani kwake, mwenye madoa ya chui na mwendo wa chui, akampakata kila jioni na kumwita kwa jina, je, mkono ule ule ungeweza kesho yake kunyooka dukani kuchukua koti la ngozi inayofanana na ngozi ya kipenzi chake?

Nakiri kwamba fikira hii inanigusa. Haikuwa fikira ya mchuuzi. Ilitoka kwa mtu aliyehuzunika kweli, na ilijengwa juu ya jambo la kweli katika khulka za wanadamu, nalo ni kwamba huruma yetu huanza na kile tunachokishika kwa mikono. Leakey hakuishi kuona matokeo yake. Alifariki London tarehe 1 Oktoba 1972. Mwaka uliofuata Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uwindaji, na marufuku ile ikadumu mpaka mwaka 1978. Mwaka huo huo wa 1973, huko Washington, mataifa yalitia saini mapatano ya kuzuia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na yalipoanza kufanya kazi mwaka 1975 chui aliwekwa katika daraja ya juu kabisa ya ulinzi. Kwa hiyo Casey alipoanza kazi yake, sheria nayo ilikuwa imeanza yake, na huenda hiyo ya pili ndiyo iliyopunguza makoti barabarani.

Kazi ya Casey inastahiki kuelezwa kwa urefu, kwa maana ilikuwa ya subira na maarifa. Alijiwekea sharti moja tokea mwanzo, nalo ndilo linalomtofautisha na wengi waliomfuata: hatatia hata tone la damu ya mnyama wa mwitu. Paka wake atakuwa paka wa nyumbani kwa nasaba yote, ila nasaba hiyo itachaguliwa na kupangwa kizazi baada ya kizazi mpaka ile sura iliyotawanyika katika paka wa nchi mbalimbali ikusanyike katika mwili mmoja. Alipanga mpango wa vizazi kumi na kimoja. Alianza na paka wa Siam na paka mwenye manyoya marefu wa asili ya Angora, mwenye madoa ya rangi ya fedha. Kisha akaingiza paka wa Kiingereza na wa Kimarekani wenye manyoya mafupi, na paka wa kisiwa cha Man. Na baadaye, kwa kuwa aliwataka paka ambao maisha yao hayakulainishwa na anasa, alileta paka wa mitaa ya Cairo na paka wa majumbani wa Malaysia. Katika kila uzazi aliwatazama watoto, akawachagua wenye madoa yaliyojitenga wazi, wenye kiwiliwili kirefu cha mviringo, wenye mabega yanayocheza chini ya ngozi na kichwa kinachotangulia mbele kama cha mnyama anayenyemelea windo, na wale wasiotimiza hayo akawaacha nje ya nasaba.

Mtu anaweza kuuliza ilikuwaje madoa ya chui yapatikane kwa paka ambao hawana undugu wa karibu na chui. Jawabu ni kwamba paka wote wa nyumbani, wawe wa Mwamgongo au wa Malaysia, wametokana na kimburu, yule paka wa porini wa Afrika na nchi za mashariki ya karibu, ambaye mwili wake una michirizi. Na michirizi ile ni sehemu ya urithi wa kila paka, hata yule anayeonekana mweusi tititi, ambaye ukimtazama katika jua kali mara nyingine utaiona kama kivuli. Madoa hupatikana pale michirizi inapokatika vipande. Wataalamu wamekwisha kuonyesha kwamba ramani ya rangi hizo huchorwa katika ngozi ya kijusi tumboni, kabla unywele mmoja haujaota; na mwaka 2012 walitangaza kwamba badiliko katika urithi linalompa paka wa nyumbani mabaka makubwa yaliyovurugika hutokea mahali pale pale ambapo badiliko jingine humpa duma yule adimu wa kusini mwa Afrika mabaka yake makubwa, ambayo yaliwafanya watu wa zamani wamdhanie kuwa mnyama wa aina nyingine. Kumbe Casey, bila ya kuwa na elimu hiyo ambayo ilikuwa bado haijapatikana, alikuwa akilitafuta ndani ya paka jambo ambalo kweli limo.

Baada ya miaka kumi na zaidi alikuwa naye paka aliyemkusudia, mwenye misuli na mwendo wa chini chini, madoa yametanda mgongoni na ubavuni, tabia yake ya upole na ya kupenda watu. Akampa jina la California Spangled, yaani paka wa California mwenye mapambo ya madoa. Na hapa, katika kumtangaza kwa walimwengu, ndipo njia ilipopotoka.

Mwaka 1986 paka wale walitokea katika kitabu cha zawadi za Krismasi cha Neiman Marcus, duka kubwa la Dallas, Texas, linalojulikana kwa bidhaa za wenye neema, ambalo kila mwaka lilikuwa na desturi ya kutangaza zawadi moja ya ajabu kwa bwana na nyingine kwa bibi. Bei ya paka mmoja ilikuwa dola 1,400. Paka aliyekusudiwa kumkinga chui na soko la mavazi akawa ameingia katika kitabu cha duka ambalo lilikuwa likiuza makoti ya manyoya, na ambalo lilikuja kutangaza kwamba litaacha biashara hiyo katika mwaka 2021 tu. Watetezi wa wanyama wakapandwa na ghadhabu, wakisema kwamba kiumbe hai ameuzwa kama mkufu. Vyama vya wafugaji wa paka navyo vikaona kwamba mtu huyu ameiruka njia yao ya kawaida ya kuonyesha na kuandikisha uzao mpya. Casey alijibu kwamba alitaka watu wengi iwezekanavyo waisikie habari ya chui, na hapana kitabu kingine ambacho kingeifikisha mbali kama kile. Alikuwa mkweli katika hilo: magazeti yaliandika, watu wengi walitaka kununua, na kwa majira machache paka wake alikuwa gumzo.

Hukumu yangu ni kwamba nia yake ilikuwa safi na chombo alichokichagua kilikuwa kibovu. Kitu kikiuzwa kwa uchache wake, mnunuzi hujifunza kuupenda uchache, na uchache ndio hasa uliokuwa ukimwua chui. Yule aliyelipa dola 1,400 apate paka ambaye jirani yake hana, hakufundishwa jambo lolote linalopingana na yule aliyelipa maelfu apate koti ambalo jirani yake hana. Mapenzi yalikuwapo, pasipo shaka, lakini yalimwangukia paka yule aliyekuwa mapajani, yakakoma pale. Hayakuwa na njia ya kutoka California kuvuka bahari mpaka Olduvai, wala mpaka ufuko wa Tanganyika. Laiti sehemu ya kila bei ingefungamanishwa na mlinzi mmoja wa pori, kwa jina lake na mshahara wake, labda leo ningeandika mambo mengine.

Uzao wenyewe haukudumu katika ufahari. Waliandikishwa katika vyama kadhaa vya paka, lakini wafugaji wakavutwa na paka wengine, na miaka ilipopita Casey na wenziwe wakaacha. Leo paka wa California mwenye madoa ni nadra mno, na wako wanaohesabu kwamba amekwisha kabisa. Aliyemshinda alikuwa paka wa Bengal, aliyetokana na kazi ya Jean Mill, pia wa California, ambaye tangu mwaka 1963 alikuwa amemzalisha paka wa nyumbani na paka chui wa misitu ya Asia, akalirudia jambo hilo kwa nguvu katika miaka ya themanini. Watu walitaka damu ya mwitu yenyewe, si sura yake tu. Mwaka ule ule wa 1986, tarehe 7 Aprili, huko Pennsylvania, alizaliwa mtoto wa mondo dume na paka jike wa Siam, akaitwa Savannah, na jina lake likawa jina la uzao mzima wa paka warefu wa miguu na masikio, ambao madume wao wa vizazi vya mwanzo huwa tasa, na ambao Australia iliwakataza mwaka 2008 kwa kuhofia wanyama wake wadogo. Binti yake Jean Mill, Judy Sugden, alimtengeneza paka mwenye michirizi ya simbamarara, naye pia kwa nia iliyotajwa wazi ya kuwafanya watu wamjali simbamarara wa porini. Alimtafuta hata paka wa mitaani kutoka Kashmir ili kupata alama za utosini ambazo paka wa kawaida hana.

Halafu yuko aliyepewa jina la nchi yetu. Mwaka 1994 Karen Sausman, mwanamke mwenye maarifa makubwa ya wanyama, alianza huko California kumzalisha paka wa Bengal na paka wa Mashariki mwenye manyoya mafupi, ili ampate paka anayefanana na mondo bila ya kumtumia mondo, na paka huyo akamwita Serengeti. Nautaja mwaka huo kwa makusudi. Katika mwaka 1994 simba wa Serengeti yenyewe walianza kuanguka kwa kifafa na kutetemeka, na kabla msiba haujaisha walikuwa wamekufa takriban theluthi yao, kiasi cha simba 1,000, kwa maradhi ya distempa, ambayo ni maradhi ya mbwa, na ambayo chimbuko lake lilitafutwa kwa mbwa wa vijiji vilivyoizunguka hifadhi. Dawa yake haikuwa sheria wala koti wala kitabu cha zawadi. Wataalamu walichukua sindano za chanjo wakaenda vijijini, wakawachanja mbwa wa wafugaji na wakulima kwa maelfu, mlango kwa mlango.

Basi hapo ndipo mnyama wa nyumbani na mnyama wa mwitu wanapokutana kweli kweli. Hawakutani katika rangi ya ngozi. Wanakutana katika pumzi, mate, viroboto, maji ya kijito na mizoga. Kimburu mwenyewe, babu wa paka wote, anatishwa mahali pengi kwa kuzaana na paka wa vijijini hata damu yake ikachanganyika na kupotea. Wala hapana aliyekusudia hilo, kama Casey alivyokusudia la kwake.

Tukirudi Mwamgongo kwa macho hayo, tunaona kwamba historia ya jirani wa chui ni pana kuliko historia ya mfano wake. Gombe ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1968, nayo ni moja katika zilizo ndogo kabisa katika nchi hii. Nje ya mpaka wake watu waliongezeka, na baada ya mauaji ya Rais Ndadaye wa Burundi mwaka 1993, na vita vya Kongo vilivyoanza mwaka 1996, mkoa wa Kigoma ulipokea wakimbizi kwa malaki. Miti ikakatwa kwa kuni, makaa na mashamba, na milima iliyokuwa ya kijani kibichi ikabaki vichwa vitupu, ambavyo mvua ilipokuwa kubwa viliteremsha udongo juu ya vijiji vya ufukoni. Goodall alipoipita nchi ile kwa ndege mwanzoni mwa miaka ya tisini alitambua kwamba haiwezekani kumwokoa sokwe peke yake, na mwaka 1994 taasisi yake ilianza mradi wa TACARE, uliokwenda kwa wanakijiji kuuliza wanataka nini kabla ya kuwaambia wafanye nini. Walitaka maji safi, zahanati, shule na mikopo. Miti ilikuja baadaye, na ilikuja vizuri zaidi kwa sababu hiyo.

Kufikia mwaka 2009 vijiji 13 vya eneo la Gombe vilikuwa vimekamilisha mipango yao ya matumizi ya ardhi, na kwa hiari yao vikatenga misitu ya vijiji, aghalabu juu ya miteremko mikali inayopakana na hifadhi. Wapo walinzi wa misitu waliochaguliwa na vijiji vyenyewe, wenye kutembea milimani na simu za mkononi wakiandika walichokiona: mti uliokatwa, mtego uliotegwa, kiota cha sokwe, nyayo za mnyama. Wajukuu wa wale waliomshuku mwenye daftari leo wanaishika hesabu wenyewe. Na kila ekari iliyoachwa ipumue ni ekari ambayo mtu alikuwa na haki ya kuipanda mihogo, kwa hiyo ni mali iliyotolewa na maskini, isiyoandikwa bei katika kitabu chochote. Ikilinganishwa nayo, dola 1,400 za Neiman Marcus zilikuwa kitu chepesi.

Msitu ukirudi, chui hupata njia ya kutoka nje ya hifadhi ile ndogo na kukutana na wenziwe, jambo ambalo sokwe wanalihitaji vile vile. Lakini pamoja na njia huja ujirani, na ujirani una gharama zake. Watafiti wamechukua vipimo vya watu, mifugo na wanyama wa mwitu katika nchi ya Gombe, Mwamgongo ikiwamo, wakaona kwamba wako vimelea wa tumbo wanaopatikana kwa pande zote mbili. Mbwa anayelinda nyumba ya mvuvi, na paka anayelinda dagaa wake na panya, wako karibu na chui wa Gombe kwa maana ambayo paka wa Casey hakuwa nayo hata siku moja. Chui wa dunia nzima waliwekwa mwaka 2016 katika daraja ya wanyama walio rahisi kudhurika, na chui wa Gombe ni wachache mno hata maradhi mamoja ya mbwa yanaweza kuwaathiri.

Kwa hiyo nikiulizwa leo na mtu wa California mwenye huzuni kama ile aliyokuwa nayo Casey mwaka 1971, na mwenye fedha na subira kama zake, nimpe shauri la kumpenda chui, nitamwomba anunue friji ya chanjo kwa Kigoma, na mafuta ya boti, na mshahara wa mganga mmoja wa mifugo wa kuzunguka vijiji vya ufukoni kila mwaka, kuanzia Mtanga mpaka Mwamgongo na kupita. Na awalipe walinzi wa misitu ya vijiji ujira wao kwa wakati, maana mlima ule ni mrefu, na wanaupanda wakiwa na watoto wa kulisha.